Osileta ya sauti: kwa nini sakiti yako imenyamaza na uanzie wapi kuipima

Siku hizi ukiingia mtandaoni hukosi video ya kijana ana kibao kidogo chenye IC moja (kile kipande cheusi chenye miguu, ndani kimebeba sakiti nzima), rezista mbili, kapasita na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu, anabonyeza swichi kitu kinalia piiiii, anakwambia ni rahisi hata mtoto anaweza. Basi mtu anakwenda Kariakoo, au kama yuko Nairobi anashuka Luthuli Avenue, ananunua vitu vyake, anarudi anaunga usiku kucha, anawasha, kimya. Au inatoa "tak" moja halafu basi. Hapo ushauri unamiminika wa kila aina, IC feki, betri ndogo, ongeza volti, badilisha spika, huo mchoro wa uongo, na yeye anaanza kubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka hela inaisha na sakiti bado imenuna.

Mimi naona spea mara nyingi hazina kosa. Shida ni kwamba zile video zinaonyesha pa kuchomeka waya ila hazisemi ndani kunatokea nini, na usipojua ndani kunatokea nini basi kimya chote kinafanana. Ukijua, kimya kina aina zake, na mita ya digitali ya kawaida kabisa inakuambia hiki chako ni cha aina gani kabla hujatoa hata senti.

Tuanze na majina. Osileta ni sakiti inayochukua umeme uliotulia wa betri na kuufanya upande na kushuka wenyewe, tena na tena, bila mtu kugusa kitu. Idadi ya kupanda na kushuka ndani ya sekunde moja ndiyo frikwensi, inapimwa kwa hezi, kwa hiyo mara 500 kwa sekunde ni hezi 500. Sikio la binadamu linasikia kama kuanzia hezi 20 mpaka 20,000, na ule mwisho wa juu unapungua kadri umri unavyosogea. Osileta inayofanya kazi humo katikati ndiyo tunaiita ya sauti. Rezista kazi yake ni kubana umeme upite kidogo kidogo. Kapasita inahifadhi umeme, inajaa na inamwagika. Hizo mbili ukizikutanisha unapata kipima muda, maana kapasita inayojazwa kupitia rezista inachukua muda unaojulikana, rezista kubwa muda mrefu, kapasita kubwa muda mrefu.

Halafu spika. Ndani yake kuna koili iliyoshikana na karatasi mbele ya sumaku, umeme ukiingia karatasi inasogea, ukikatika inarudi. Ukiunga spika na betri moja kwa moja karatasi inasogea mara moja na kuganda pale pale, unasikia "krr" basi, na ukiiacha hivyo koili inaanza kupata moto. Ili ilie lazima umeme uwe unabadilika mamia ya mara kwa sekunde, na hiyo ndiyo kazi tunayompa osileta.

Hapo hapo ndipo baza inapowachanganya watu. Kuna baza mbili zinazofanana sana kwa nje, moja ndani yake tayari ina osileta ndogo, ukiipa volti za betri inalia yenyewe, nyingine haina kitu ndani zaidi ya kile kibati cha kutikisika, hiyo ukiipa betri inatoa "tik" na kunyamaza. Mtu ananunua hii ya pili, anaijaribu kwa betri, anaitupa akidhani mbovu. Wakati ndiyo anayoihitaji kwa sakiti yake! Ile ya kwanza ukiiunga kwenye osileta yako utapata mlio wa ajabu ajabu kwa sababu osileta mbili zinagombana. Kwa hiyo kabla ya yote gusa baza yako kwa betri sekunde moja tu ujue unayo ipi.

Na osileta siyo kitu kigeni, kila aliyewahi kukaa kwenye harusi ameisikia. Maiki ikisogezwa mbele ya spika inapiga ule mlio wa kuziba masikio, hiyo ni osileta imejitengeneza bila kualikwa, sauti imetoka kwenye spika ikaingia kwenye maiki ikakuzwa na amplifaya ikatoka tena ikaingia tena. Inahitaji mambo mawili tu, kinachorudi kiwe na nguvu ya kutosha na kirudi kwa wakati unaokifanya kiongeze kile kilichopo. Ndiyo maana jamaa wa mitambo akipunguza volyumu kidogo tu mlio unakata ghafla, kinachorudi kimekosa nguvu ya kujiendeleza.

Nguvu ya mlio huo inatoka kwenye amplifaya, na amplifaya inaitoa kwenye umeme wa ukutani. Nasema hivi kwa sababu kuna video zingine zinadai osileta inazalisha umeme wa bure, unaunga koili na transista (kispea cha miguu mitatu cha kukuza au kukata umeme) unawasha taa bila kikomo. Hakuna. Osileta inakula betri kama kitu kingine chochote, inachofanya ni kubadilisha umbo la umeme na njiani inapoteza kiasi kama joto.

Sasa hii 555, ndiyo jina la ile IC ambayo iko kwenye karibu kila video, inafanyaje? Chukua tangi la maji lenye alama mbili, moja kwenye theluthi ya kimo chake na nyingine kwenye theluthi mbili. Bomba la kuingiza ni jembamba na liko wazi muda wote, chini kuna koki ya kutolea. Kuna mtu wa zamu kaambiwa maneno mawili tu, maji yakifika alama ya juu fungua koki, yakishuka mpaka alama ya chini funga. Maji yatapanda na kushuka kati ya zile alama mbili siku nzima, hayajai kabisa wala hayaishi kabisa. Tangi ni kapasita, bomba jembamba ni rezista, mtu wa zamu ndiyo IC yenyewe.

Kwenye miguu yake iko hivi. Mguu namba 6 unaangalia alama ya juu, namba 2 unaangalia alama ya chini, namba 7 ndiyo koki ya kumwagia. Namba 3 ndiyo mdomo, kapasita ikiwa inajaa mguu 3 unakuwa juu karibu na volti za betri, ikiwa inamwagika mguu 3 unashuka karibu na sifuri. Ukilielewa hili utaona kwa nini 2 na 6 lazima ziungwe pamoja, zote mbili zinaangalia kapasita ile ile, na kwa nini ukisahau kale kawaya kamoja hakuna kitakachoeleweka.

IC hii ilibuniwa 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa anaishi Marekani, kwa ajili ya kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni 1972 na mpaka leo bado inatengenezwa. Ndani yake kuna rezista tatu za 5k, yaani omu 5,000 kila moja (omu ndiyo kipimo cha rezista, k ni elfu), zinazogawa volti za betri mafungu matatu sawa, ndiyo alama zetu za theluthi na theluthi mbili. Watu wengi wanaapa jina 555 limetoka hapo, tano tano tano. Ni hadithi nzuri lakini Camenzind mwenyewe alisema namba hiyo ilichaguliwa tu na mtu wa masoko wa kampuni, haina maana yoyote.

Kilicho na maana ni kwamba alama zinapimwa kama sehemu ya betri. Betri ikichoka kutoka volti 9 mpaka 7, alama zinashuka pamoja nayo, na kasi ya kujaza kapasita inapungua kwa uwiano ule ule, kwa hiyo muda wa kujaa unabaki karibu vile vile na frikwensi haiyumbi sana. Hii inajibu wale wa "ongeza volti sauti iwe nyembamba". Ukiongeza volti mlio utakuwa na nguvu zaidi, wembamba wake utabaki pale pale. Wembamba na unene wa mlio unaamuliwa na rezista na kapasita, kelele inaamuliwa na volti na spika, ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku.

Kuunga. NE555 ya kawaida inataka kuanzia volti 4.5 mpaka kama 15, kwa hiyo betri mbili za tochi hazitoshi, tumia betri ya volti 9 au betri nne za tochi. Kuna ndugu zake kama 7555 na TLC555 wanaokubali volti ndogo ila hao mguu wao wa 3 hauna ubavu wa kusukuma spika. Shika IC uangalie kile kibonde au kitone kwenye mwili wake, kibonde kikiwa juu mguu namba 1 uko juu kushoto, unahesabu kushuka upande wa kushoto 1 mpaka 4, halafu unapandia kulia 5 mpaka 8, kwa maana hiyo 8 inatazamana na 1.

Mguu 1 unakwenda hasi, 8 chanya, 4 nao chanya. Rezista ya 1k kati ya chanya na mguu 7. Rezista ya 10k kati ya 7 na 6. Waya mfupi kati ya 6 na 2. Kapasita ya 100nF, ile imeandikwa 104, kutoka 2 kwenda hasi. Mguu 5 unawekewa kapasita ndogo ya 103 (10nF) kwenda hasi ili usiokote makelele. Mguu 3 unakwenda kwenye kapasita ya 10µF, upande wake wa chanya ukiangalia mguu 3, ikifuatiwa na rezista ya 100 omu, halafu spika ya omu 8, halafu hasi. Mwisho weka kapasita nyingine ya 104 karibu kabisa na IC kati ya 8 na 1, na ukiwa na ya 100µF weka hapo pia. Hizi za mwisho watu wanaziruka kwa sababu "sakiti inafanya kazi bila hizo", ni kweli inaweza ikafanya, mpaka siku betri imechoka kidogo na mlio unaanza kukwaruza na kuyumba.

Hesabu ni fupi. Kapasita inajaa kupitia rezista zote mbili lakini inamwagika kupitia ile ya 10k peke yake, ndiyo maana 10k inahesabiwa mara mbili. 1k jumlisha 10k jumlisha 10k ni 21k, yaani omu 21,000, zidisha kwa 100nF, yaani faradi 0.0000001, unapata 0.0021, chukua 1.44 (namba isiyobadilika ya sakiti hii) gawanya kwa hiyo, jibu karibu hezi 686. Ni mlio unaosikika vizuri hata kwa spika mbaya. Ukitaka uwe mnene ongeza ile 10k, ukitaka uwe mwembamba ipunguze. Ile 1k ya juu usiipunguze sana na kamwe usiitoe ukaweka waya, kwa sababu koki ikifunguka mguu 7 unakuwa umeungwa na chanya moja kwa moja wakati unajaribu kwenda hasi, IC inaungua hapo hapo.

Haya, umewasha na imenyamaza. Kabla ya mita gusa IC kwa kidole. Ikiwa ya moto chomoa betri haraka, ama umeigeuza kichwa chini ama mguu 3 una shoti. IC iliyowekwa kinyume ikapata betri mara nyingi haiponi.

Ikiwa haina moto, mita iweke kwenye DC volti 20, waya mweusi kwenye hasi ya betri usiuondoe, mwekundu ndiyo utembee. Gusa mguu wenyewe wa IC, usiguse tundu la bredibodi (kile kibao cha matundu cha kuchomekea spea), kwa sababu nusu ya matatizo ni mguu uliojikunja chini ya IC au tundu lililolegea na wewe unapima tundu unaona volti zipo. Mguu 8 unatakiwa usome 9, mguu 1 usome sifuri. Mguu 8 ukisoma sifuri wakati betri ni nzima, angalia bredibodi yako kama ni ile ndefu, nyingi zina ile mistari ya pembeni ya chanya na hasi imekatika katikati, upande mmoja una umeme mwingine hauna, unahitaji kuunganisha na jampa, kipande cha waya. Na betri ipime sakiti ikiwa imewashwa, betri iliyochoka ikikaa peke yake inaweza kukuonyesha 9 halafu ukiipa mzigo inaanguka mpaka 4.

Kisha mguu 5. Huu watu hawaupimi na mimi nauona ndiyo wa maana kuliko yote kwa kujua IC nzima au feki, kwa sababu unakuonyesha ile alama ya juu. Betri ya 9 lazima mguu 5 usome karibu 6. Ukisoma 6, zile rezista tatu za ndani ziko hai na hiyo ni 555 kweli. Ukisoma sifuri au kitu cha ajabu, ama ile kapasita ya 103 ina shoti (itoe upime tena) ama IC imekufa ama muuzaji kakupa IC nyingine. LM386, LM358 na 741 zote zina miguu minane na umbo lile lile, mwenye duka akichota kutoka kopo bila kuangalia unaondoka na amplifaya ukidhani ni 555. Soma maandishi mgongoni, tumia tochi ya simu.

Sasa miguu miwili inayotoa siri yote, 3 na 6. Sakiti ikiwa inafanya kazi mita haiwezi kukimbizana na hezi 686, itakuonyesha wastani, mguu 3 karibu volti 4 na mguu 6 karibu 4 na nusu. Ukiona namba hizo hongera, osileta yako iko hai muda wote huu, tatizo liko mbele ya mguu 3, kapasita ya 10µF, rezista ya 100, au spika. Spika ipime omu, ya omu 8 inasoma kama 7 hivi, ikisoma hakuna kitu koili imekatika.

Mguu 3 uko juu, volti 7 na kitu, na 6 ni sifuri au karibu, maana yake kapasita haijai. Mtu wa zamu anasubiri maji ambayo hayaji. Angalia rezista mbili kama zimefika kweli zinakotakiwa kufika, kisha kapasita kama haina shoti.

Mguu 3 sifuri na 6 iko juu karibu 9, maana yake imejaa na haimwagiki, koki haifanyi kazi. Mara nyingi mguu 7 umechomekwa tundu la jirani, au umeshaungua kwa ile dhambi ya kutoa 1k.

Mguu 3 sifuri na 6 nayo sifuri, hapa wengi wanaganda. Ni mguu 4. Huo ni wa kuzima, ukishuka kwenda hasi IC inalazimishwa kunyamaza na kumwaga kapasita muda wote. Pima mguu 4, lazima usome 9. Ukiachwa hewani bila kuungwa wakati mwingine sakiti inafanya kazi wakati mwingine inakataa kulingana na ulivyosogeza mkono, na hapo ndipo mtu anaanza kusema sakiti ina jini.

Na ukiona namba hazieleweki, zinarukaruka, basi nenda kwenye kale kawaya ka 2 na 6.

Kuna njia nyingine naipenda zaidi kwa mtu anayeanza kwa sababu anaona kwa macho. Toa kapasita ya 104 weka ya 100µF mahali pake, chanya upande wa mguu 2. Frikwensi inaanguka kutoka hezi 686 mpaka karibu 0.7, yaani mzunguko mmoja unachukua kama sekunde moja na nusu. Sasa pima mguu 6 utaona namba zinapanda taratibu mpaka 6 halafu zinashuka mpaka 3, zinapanda tena, na mguu 3 unaruka juu chini. Ukiweka taa ya LED na rezista ya 1k kwenye mguu 3 itawaka na kuzima. Ikifanya hivyo basi muunganisho wako wote uko sawa, rudisha ya 104 na sauti itakuja.

Bado kuna kimya kimoja ambacho mita inasema kila kitu sawa, spika ni nzima, na husikii kitu. Hicho ni cha kapasita. Zile kapasita ndogo za rangi ya udongo zinafanana zote, tofauti ni namba. 104 maana yake 10 ikifuatiwa na sifuri nne, pikofaradi 100,000, ambazo ni 100nF. 103 ni 10nF na sakiti yetu ikiwa nayo inapanda mpaka hezi 6,860, bado unasikia ila inakera. 102 ni 1nF, hapo tunakwenda hezi 68,600 na hakuna sikio la mtu litakalosikia. Sakiti inafanya kazi kwa nguvu zote na wewe unaona imekufa. Kinyume chake ukisikia "tak tak tak" badala ya mlio, kuna kitu kikubwa kuliko inavyotakiwa, labda umeweka rezista ya 1M badala ya 10k, kahawia nyeusi kijani badala ya kahawia nyeusi chungwa, inakupa kama hezi 7.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sauti isiyosikika, niseme la mbu. Mchoro huu huu wa 555 unasambazwa na kapasita ndogo ukiitwa mashine ya kufukuza mbu, unaambiwa usiposikia kitu ujue inafanya kazi. Ni kichekesho ukiangalia kiufundi, maana sakiti iliyokufa nayo husikii kitu. Lakini hata ikiwa hai haisaidii. Jambo hili lilishachunguzwa, mapitio ya 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 10 ya uwanjani ya vifaa vya sauti vya kufukuza mbu yakakuta haviwazuii kutua na kuuma. Huku kwetu ambako malaria ni ya kweli mtu asikunje chandarua kwa sababu ana 555 mezani. Jenga hiyo sakiti kwa kujifunza tu.

Wasio na 555 wanatumia transista mbili, ule mchoro ambao kila transista inazima mwenzake kwa zamu. Wa tangu 1919 huo, Wafaransa Abraham na Bloch walioutangaza walikuwa wanatumia vali za kioo. Ukitumia rezista za 47k kwenye bezi (ule mguu wa transista unaoamrisha mingine miwili) na kapasita za 22nF unapata kama hezi 700. Ni mzuri, ila makosa yake karibu yote ni miguu ya transista. BC547 ukiigeuzia uso wake bapa kwako miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, bezi, emita. 2N3904 iko kinyume, emita, bezi, kolekta. Na zile C945 na C1815 ambazo mafundi wanazichomoa kwenye redio za zamani ni emita, kolekta, bezi, yaani bezi haiko hata katikati. Ukiweka C945 kwenye matundu ya BC547 kwa kufuata picha, itanyamaza na hakuna kilichoharibika, ni miguu tu. Mita yako ikiwa na sehemu ya kupimia transista au hata daiodi itakuonyesha bezi ni ipi.

Kitu cha mwisho ni ladha ya mlio. Mguu 3 wa 555 unaruka juu chini ghafla, mchoro wake ni wa pembe nne, na sikio linasikia ukali fulani kama wa king'ora cha bei rahisi. Mlio laini kabisa unataka umeme unaopanda na kushuka kwa mviringo, na huo ni kazi zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kinachorudishwa lazima kiwe sawasawa kabisa, kikipungua kidogo mlio unafifia na kufa, kikizidi kidogo unakua mpaka unakatwa kichwa na kukwaruza. Aliyelitatua kwa ujanja ni Bill Hewlett, alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Aliweka balbu ndogo ya kawaida ndani ya sakiti. Mlio ukizidi waya wa balbu unapata moto, ukipata moto ukinzani wake unapanda, ukipanda unapunguza kinachokuzwa, mlio unatulia wenyewe. Kifaa hicho, 200A, ndicho bidhaa ya kwanza ya Hewlett-Packard mwaka 1939, na Walt Disney walinunua vinane vya toleo lililofuata, 200B.

Wewe na 555 yako huhitaji balbu kama unataka tu kulainisha kidogo na kupeleka kwenye amplifaya. Ila usichomeke mguu 3 moja kwa moja kwenye AUX, unatoa mruko wa volti 7 hivi na amplifaya inategemea chini ya 1. Kutoka mguu 3 weka kapasita ya 1µF, halafu rezista ya 100k, mwisho wa 100k weka rezista ya 10k kwenda hasi na kapasita ya 22nF sambamba nayo, chukua sauti hapo katikati na hasi za sakiti na amplifaya ziungane. Zile rezista mbili zinashusha volti mara kumi na moja, 22nF inapunguza ule ukali wa juu. Anza na volyumu ya amplifaya ikiwa chini kabisa, hezi 686 kwenye spika za inchi 12 saa nne usiku majirani watakuja.